Uliwahi kumwambia nani?

Sheria ya Tanzania haijaweka tarehe ya mwisho ya kumshtaki mbakaji. Aliyebakwa akiwa darasa la tano anaweza kuingia kituo cha polisi akiwa mama wa watoto watatu, akafungua jalada, na hakuna askari mwenye mamlaka ya kumwambia kwamba kesi yake imepitwa na wakati. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, ambayo humzuia mtu kudai deni au shamba baada ya miaka kadhaa, inatamka yenyewe kwamba haihusu mashauri ya jinai. Kinachokwisha muda ni kudai fidia kwa kesi ya madai. Hiyo ina miaka mitatu, na kwa aliyetendewa utotoni miaka hiyo huanza kuhesabiwa anapokuwa mtu mzima.

Naanza na hilo kwa sababu wengi hawalijui. Mkoani Singida, kuanzia Kiomboi hadi Itigi, mtu akigusia alichofanyiwa zamani, jibu la kwanza huwa "hayo yameshapita". Baada ya hapo huja methali za wazee. Yaliyopita si ndwele. Funika kombe mwanaharamu apite. Wazee haohao wanaijua pia ile ya mficha maradhi kifo humuumbua, ila hiyo wameiwekea akiba mambo ya hospitali.

Tuchukue mfano. Niseme mapema kwamba mtu huyu nimemtunga, kutokana na mambo yanayojirudia katika hukumu za mahakama zetu, ambazo yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma bure kwenye tovuti ya TanzLII. Ana miaka 29. Amekulia kijiji kimoja cha Wilaya ya Ikungi, na sasa anauza vitunguu katika soko la Misuna, mjini Singida. Alipokuwa na miaka 11, baba yake mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akimnunulia sare na madaftari, alimwingilia wakati wa kuvuna alizeti, watu wakiwa shambani. Haikuwa mara moja. Alimwambia bibi. Bibi akamkanda kwa maji ya moto, akamkanya asithubutu kumfikishia baba yake habari hizo maana ndugu watauana, kisha akampeleka Kiomboi kwa shangazi. Shangazi aliambiwa sababu. Hakuna aliyelizungumza tena.

Bibi ameshafariki. Shangazi yupo. Baba mdogo naye yupo, ameokoka, na kijijini ni mtu wa kuitwa kusuluhisha ugomvi wa wenzake. Kwa miaka yote hiyo mwanamke wetu hakutaka kesi. Alitaka kusahau, na kwa kiasi fulani aliweza. Kilichomtoa usingizi ni ujumbe katika kundi la WhatsApp la ukoo: binti wa binamu yake, mwenye miaka tisa, anahamia kwa baba mdogo ili awe karibu na shule.

Walio kama yeye ni wengi kuliko tunavyotaka kuamini. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ukiwahusisha UNICEF, kituo cha CDC cha Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa asilimia 13. Takriban nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote, na kwa wavulana walionyamaza walizidi theluthi mbili. Aliyepata huduma ya aina yoyote alikuwa msichana 1 kati ya 8 na mvulana 1 kati ya 20. Waliohojiwa wakati ule walikuwa na miaka 13 hadi 24. Leo ni watu wazima wenye familia, na ndio hasa wanaojiuliza kama waseme au waache.

Mwanamke wetu atakapofika kituoni ataelekezwa Dawati la Jinsia na Watoto. Ni chumba cha pembeni, na mara nyingi anayepokea watu humo ni askari wa kike asiyevaa sare. Ataulizwa nani, wapi, lini. Halafu litakuja swali ambalo huwaudhi wengi: uliwahi kumwambia nani?

Huwaudhi kwa sababu linasikika kama shutuma. Mbona hukusema? Lakini katika kesi iliyochelewa sidhani kama kuna swali lenye faida kuliko hilo. Mwaka 2002, katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema anajijengea uaminifu, na kwamba kuchelewa kumtaja bila maelezo kunapaswa kuifanya mahakama yenye busara ijiulize. Mawakili wa utetezi hulitumia shauri hilo karibu kila siku. Wanachokipitia haraka ni yale maneno "bila maelezo". Mtoto wa miaka 11 aliyetishwa, anayekula na kuvishwa na yuleyule aliyemtenda, ambaye alisema na akanyamazishwa, ana maelezo. Mahakama zetu zimewahi kuwakubali mashahidi waliochelewa kwa sababu za namna hiyo, na zimewahi pia kuwakataa wale ambao upande wa mashtaka haukujishughulisha hata kuwauliza kwa nini walichelewa.

Kwa hiyo shangazi wa Kiomboi, ambaye huenda anajiona hahusiki kwa kuwa hakuona kitu kwa macho yake, ni mtu muhimu katika jalada. Anaweza kueleza mtoto aliletwa lini, akiwa katika hali gani, na aliambiwa nini. Mwalimu aliyeshangaa mwanafunzi kuhamishwa katikati ya muhula ana lake la kusema. Muuguzi wa hospitali ya Makiungu au ya Kiomboi aliyempokea mtoto mwenye maumivu, na daftari la wagonjwa likabaki, naye analo.

Kuna wanaodhani kwamba bila fomu ya polisi namba tatu, ile PF3, hakuna kesi. Si kweli. Baada ya miaka 18 daktari hana atakachokiona cha maana, na mahakama inalijua hilo. Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama, katika makosa ya kujamiiana, kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anachosema ni kweli tupu. Mahakama ya Rufani ilisisitiza mwaka 2006, katika rufaa ya Selemani Makumba, kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa aliyebakwa.

Kinachoangusha kesi nyingi ni kitu kidogo kuliko PF3: umri. Kosa la kumwingilia mtoto linasimama juu ya umri wake siku ile, na umri huo lazima uthibitishwe. Mtu mzima anayekwenda kushtaki ya utotoni na atafute kwanza kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, au nakala ya rejista ya shule ya msingi. Vikikosekana vyote, mzazi au ndugu anayejua alizaliwa lini anaweza kuja kusema. Na kama ukatili ule ulizaa mtoto, Mkemia Mkuu wa Serikali anapima vinasaba vya baba na mtoto hata kama mtoto huyo sasa ana ndevu. Katika kesi za zamani huo huwa ushahidi mzito kuliko wote, japo ni uamuzi unaomgusa mtu wa tatu ambaye naye ana haki ya kuulizwa.

Hayo ni ya mahakamani. Yanayomfunga mtu mdomo Singida mara nyingi hayapo mahakamani.

Lipo la miaka 30. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji, na cha maisha pale aliyebakwa ni msichana wa chini ya miaka 10. Hakimu akishamtia mtu mzima hatiani hana nafasi ya kupunguza. Aliyetenda kabla ya sheria hiyo hushtakiwa kwa sheria ya wakati wake, lakini wengi tunaowazungumzia wako chini ya hii. Bunge lilitaka kuwatisha wabakaji, na nadhani liliwatisha pia wanaobakwa. Binti anajua akisema, baba mdogo hatatoka tena. Mama mdogo na watoto watamtazama yeye. Shamba litagombewa. Mzee wa miaka 60 kufungwa miaka 30 maana yake ni kufia gerezani, na ukoo mzima utahesabu kwamba aliyemuua ni mwanamke wa vitunguu. Sisemi adhabu ipunguzwe. Nasema adhabu kali bila ulinzi wa anayesema inaisukuma siri ndani zaidi ya nyumba.

Singida imeshaliona hilo kwenye ukeketaji. Sheria hiyohiyo ya 1998 ndiyo iliyoharamisha kumkeketa msichana. Takwimu za afya ya uzazi zinaonyesha kwamba wanawake waliokeketwa mkoani walikuwa asilimia 31 mwaka 2015/16, na wakashuka hadi 20 mwaka 2022. Ni hatua kubwa. Lakini palepale ngoma na sherehe zilipoachwa, wapo waliohamia kwa watoto wachanga, kwa kisingizio cha kutibu lawalawa, maradhi ya sehemu za siri, kwa sababu mtoto wa wiki chache hawezi kumsimulia mwalimu.

Halafu lipo la kumalizana. Vikao hivi hufanyika jioni, chini ya mti au sebuleni kwa mwenyekiti wa kitongoji, na huendeshwa na watu wenye nia njema kabisa. Upande wa kijana unaleta mbuzi, au ng'ombe ikiwa kuna mimba, wazee wanapokea, binti hayupo kikaoni. Ningependa wazee wa Ikungi na Mkalama walijue hili bila kuficha: ubakaji si kosa la kusuluhishwa, na kupokea mali ili kosa la namna hiyo lifichwe ni kosa la jinai kwa anayepokea. Mlalamikaji katika kesi ya jinai ni Jamhuri. Mbuzi aliyepokelewa miaka iliyopita hakuifuta kesi, na anaweza kutajwa mahakamani kama dalili kwamba mhusika alijua alichokifanya.

Kwa sababu ileile ya Jamhuri, aliyekwishafungua jalada ajue kwamba lile jalada si lake tena. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ndiyo itakayoamua kama kuna kesi ya kupeleka mbele. Hawezi kwenda wiki ya tatu akasema nimesamehe, akarudishiwa. Kinachotokea ni kwamba mashahidi wanaanza kukosa nauli, wanasafiri kwenda Tabora, wanasahau, na mshtakiwa anaachiwa huru. Ni heri mtu afikirie miezi sita kabla ya kwenda kuliko kwenda Jumatatu na kujificha Ijumaa.

Kwa wanaume hali ni nzito zaidi, na tunaizungumzia kidogo, kwa sababu ya aibu. Sheria yetu inautambua ubakaji kwa mwanamke tu; mvulana aliyeingiliwa anaangukia kosa la kulawiti, ambalo akitendewa mtoto adhabu yake leo ni kifungo cha maisha. Kijana wa Manyoni anayetaka kusema yaliyompata bwenini anaogopa kuchekwa, na anaogopa kugeuziwa kibao, kwa kuwa kifungu kilekile kinamgusa pia mwanamume anayeridhia. Mtoto haridhii. Askari anayempokea anapaswa kumwambia hivyo kabla ya kuandika neno la kwanza.

Kama kuna anayedhani ni waswahili tu wanaochelewa kusema, atazame Soni, wilayani Lushoto. Miaka ya 1950 na 1960 palikuwa na shule ya bweni ya Mtakatifu Mikaeli, ikiendeshwa na mapadre wa shirika la Rosmini, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa watoto wa Wazungu waliofanya kazi Afrika Mashariki. Baadhi ya mapadre waliwadhalilisha wavulana hao. Waliodhalilishwa walikua, wakarudi kwao, wakazeeka. Ilichukua nusu karne kabla hawajatafutana, kulinganisha kumbukumbu zao na kuliandikia shirika. Padre Kit Cunningham, ambaye London alikuwa mtu wa kuheshimiwa na alikuwa na nishani ya Malkia, alikiri kwa waathirika kabla ya kufariki Desemba 2010 na nishani akairudisha. Umma uliyajua hayo mwaka 2011, BBC ilipoonyesha filamu juu ya kisa hicho.

Hawa walikuwa wanaume waliosoma, wenye wanasheria na wenye lugha ya mahakama, na bado iliwachukua miaka 50. Kilichowafungua ni kugundua kwamba hawakuwa peke yao. Baba mdogo wa Ikungi naye huenda ana wengine. Mara nyingi wapo, na kila mmoja anadhani ni yeye tu. Binamu wawili wakisimulia mambo yanayofanana bila kufundishana, jalada linabadilika sura. Tahadhari ni moja: kila mtu aandikishe maelezo yake polisi mwenyewe, kabla hawajakaa kikao cha kukumbushana, la sivyo wakili wa utetezi atasema wamepangana.

Je, polisi watampokea vizuri? Sitamdanganya msomaji. Mwaka 2024, jirani zetu Dodoma, binti mmoja alibakwa na kulawitiwa na kundi la wanaume. Tukio lilikuwa la Mei, nchi ikaijua Agosti baada ya video yake kusambaa. Kamanda wa polisi wa mkoa huo alinukuliwa na gazeti akisema binti yule alikuwa kama mtu anayejiuza. Wananchi walikasirika, na kamanda akaondolewa kwenye nafasi yake. Septemba 30 mwaka huohuo mahakama iliwahukumu washtakiwa wanne kifungo cha maisha. Yote mawili yalitoka katika shauri moja, ile kauli na hukumu ile. Anayekwenda kushtaki ajiandae kukutana na la kwanza akiwa njiani kwenda kwenye la pili, na asiende peke yake. Wasaidizi wa kisheria wapo wilayani, na afisa ustawi wa jamii anaweza kuombwa amsindikize.

Wakenya wamekwenda mbele kidogo, wakaishtaki serikali yenyewe. Mei 2013 Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi waliopuuza malalamiko ya wasichana walionajisiwa walivunja haki zao. Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi iliwapa waathirika wanne wa ubakaji wa vurugu za uchaguzi wa 2007/08 fidia ya shilingi milioni nne za Kenya kila mmoja. Walikuwa wamengoja miaka kumi na mbili.

Jambo moja linaloweza kumtuliza mwanamke wa Misuna ni kwamba hatalisema mbele ya soko zima. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ushahidi wa makosa ya kujamiiana usikilizwe faraghani na inakataza magazeti kuuchapisha. Singida ni mji mdogo, na umbea una miguu, lakini mlango wa mahakama hufungwa.

Sasa, aende au asiende? Kuna shinikizo la kumnyamazisha, ambalo tumelizoea, na siku hizi kuna jingine, la wanaharakati wa mjini wanaomwambia asiposema anamlinda mbakaji. Silikubali hata hilo. Yaliyompata akiwa na miaka 11 ni yake. Akiamua kuyazika, akaamua kumweleza mume wake tu, au mchungaji, au mtaalamu wa ushauri pale Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hana deni kwa mtu. Hakuna sheria inayopaswa kumfuata mtu mzima aliyeumizwa na kumlazimisha aumie tena mbele ya hakimu.

La binti wa miaka tisa ni lingine kabisa. Hapo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimwachii mwanajamii hiari: mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa anatakiwa kuifikisha serikali ya mtaa au kijiji. Ninavyoona mimi, kumhamisha mtoto kutoka nyumba ile hakungoji kesi ya mwanamke wetu ifunguliwe, wala hakumlazimishi asimulie kila kitu. Inatosha aseme kwa afisa ustawi: mtoto yule asilale pale, na sababu ninayo. Akitaka, la kwake litafuata baadaye, hata mwaka ujao. Likimshinda, mtoto atakuwa ameshatoka.

Namba 116, Simu kwa Mtoto, inapigwa bure saa 24 kutoka mtandao wowote nchini. Na shangazi wa Kiomboi, au yeyote aliyewahi kuambiwa na mtoto akaona ni busara kunyamaza, ajue kwamba bado ni shahidi. Ukiitwa na Dawati, nenda, na useme ulichoambiwa.